Kitabu cha Kaunta

Mama aliyeibiwa simu Mangateen ana jambo la kuamua kabla giza halijaingia: anyamaze, au aende polisi. Kwa wengi wetu Afrika Mashariki uamuzi huo ni wa kupima nauli, usumbufu na chai ya afande. Mangateen una uzito mwingine. Kambi ya wakimbizi wa ndani iliyoko kwenye mtaa huu wa Juba ilipata watu wake mwaka 2018, ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe ulipozuka katika kambi ya Umoja wa Mataifa kule Jebel na maelfu wakalazimika kuhama. Wengi wao ni Wanuer. Walikuwa wamekimbilia kwa Umoja wa Mataifa tangu Desemba 2013, na waliyekuwa wakimkimbia ni mtu aliyevaa sare ya serikali. Leo wakiona mwizi wanaambiwa wakaripoti kwa mtu aliyevaa sare ya serikali.

Kule Jebel, langoni walikuwepo walinda amani wenye kofia za bluu. Mangateen haikuwahi kuwa chini ya ulinzi wa namna hiyo. Polisi wa Umoja wa Mataifa hupita, huketi na wazee chini ya turubai, husaidia kuunda kamati za polisi na jamii, kisha jioni hurudi kwao. Anayebaki usiku ni polisi wa Sudan Kusini. Nisieleweke vibaya: wamo humo askari wema, na wamo waliokaa miezi bila mshahara na bado wakaripoti kazini. Lakini ili uelewe kwa nini mama yule anasita, inabidi turudi nyuma hadi jengo moja la Gudele, upande huo huo wa jiji.

Usiku wa 15 Desemba 2013 mapigano yalianza ndani ya kikosi cha ulinzi wa Rais, Wadinka na Wanuer wakigeuziana bunduki. Kulipokucha vita vilikuwa vimetoka kambini na kuingia mitaani: Mangateen, New Site, Mia Saba, Khor William, Gudele. Wanaume wa Kinuer walitolewa nyumba kwa nyumba. Wengine walitambuliwa kwa chale za kipaji cha uso, zile ambazo kijana wa Kinuer alichanjwa ili ahesabiwe mtu mzima. Asiye na chale alisemeshwa Kidinka, na akishindwa kujibu, ilikuwa imetosha.

Wengi walipelekwa kwenye jengo la polisi Gudele lililokuwa likitumiwa na doria ya pamoja ya polisi na jeshi. Waliingizwa kwenye chumba kimoja mpaka hakuna aliyeweza kukaa sawasawa. Juba mwezi wa Desemba ni joto hata kwa mtu aliye chini ya mwembe. Ndani ya chumba kile hewa ilikwisha, na wapo waliokufa wamesimama, wamebanwa na wenzao, kabla ya risasi ya kwanza. Jioni ya tarehe 16, yapata saa mbili, bunduki zilipenyezwa madirishani. Walionusurika, wachache mno, walinusurika kwa kulala chini ya maiti.

Walikuwa wangapi? Human Rights Watch ilikadiria kati ya 200 na 300. Ripoti ya tume ya Umoja wa Afrika ina hesabu ya 307. Wapo wanaotaja idadi kubwa zaidi. Hebu tukae kidogo kwenye pengo hilo. Watu wakifa mtoni au msituni, hesabu ikapishana, hatushangai. Kituo cha polisi ni mahali pengine. Ndiyo nyumba pekee mjini ambayo kazi yake ya kwanza, kabla hata ya kukamata mwizi, ni kuandika nani kaingia, saa ngapi, kaletwa na nani na kwa kosa gani. Wanaume mia mbili na zaidi waliingia kwenye jengo la polisi, na leo hakuna ajuaye idadi yao kwa sababu hakuna aliyeandika.

Mkenya akisikia haya atafikiria OB. Mtanzania atasema RB. Ni kitabu kile kile kikubwa chenye jalada gumu, kilicholazwa juu ya kaunta, kimechoka pembeni kwa viganja vya askari wa zamu. Waingereza walikiacha kwenye koloni zao. Nakumbuka siku niliyopoteza kitambulisho nikaenda kituo ambacho sitakitaja. Askari wa zamu alinisikiliza kwa upole wote, kisha akanieleza kwamba kalamu imekwisha wino. Nikaenda dukani nikanunua kalamu mbili, moja ya kitabu na moja ya mfuko wake, nikapata namba yangu. Niliondoka nikilalamika. Miaka imepita na nimebadili mawazo. Namba ile, hata kama niliilipia kalamu, ilimaanisha kwamba kuanzia saa ile kulikuwa na afisa mwenye jina aliyewajibika kujibu kuhusu jambo langu.

Watu hupenda kuuliza ni mfumo gani wa siasa unaozaa polisi wema: vyama vingi au chama kimoja, ufalme au jamhuri, serikali ya majimbo au ya umoja. Sijaona jibu zuri la swali hilo, maana katika mifumo yote hiyo polisi wameua. Swali ninaloliona na faida ni hili: baada ya polisi kuua, karatasi inaweza kutoka kituoni na kufika kwa mtu asiyelipwa na mkono ule ule?

Kenya ina mfano unaotisha na kufundisha kwa pamoja. Mwaka 2015 askari wa Polisi wa Utawala alimpiga risasi ya mkono dereva wa bodaboda, kisha dereva huyo ndiye akafunguliwa mashtaka. Badala ya kunyamaza alipeleka malalamiko IPOA, mamlaka ya kiraia ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, akisaidiwa na wakili Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 wakili, mteja wake na dereva wao wa teksi walitoka mahakama ya Mavoko na hawakufika nyumbani. Walifungiwa kwa saa chache kwenye kituo kidogo cha Polisi wa Utawala, Syokimau. Kitabu cha kituo hakikuonyesha kwamba walipita pale. Lakini mmoja wao alipata kipande cha karatasi ya chooni, akaandika ombi kwamba atakayeiokota ampigie mke wake simu amwambie wako hatarini, akaitupa nje kwa dirisha.

Karatasi hiyo iliokotwa. Simu ikapigwa. Haikuwaokoa: miili ya watu watatu ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk siku chache baadaye, ndani ya magunia. Ila ikawa kielelezo mahakamani. Mahabusu alijiandikia OB yake mwenyewe, kwa kukosa mwingine wa kumwandikia. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mtoa habari wao mmoja, na Februari 2023 Fredrick Leliman, mmoja wa maafisa hao, akahukumiwa kifo, wenzake vifungo vya miaka 20 hadi 30. Hukumu ilichukua miaka sita na nusu. Katika miaka hiyo wanasheria waliandamana, mwenzao akiwa maiti, waandishi walifuatilia kila kikao, na mwendesha mashtaka hakuwa chini ya Inspekta Jenerali. Ondoa kimoja kati ya hivyo na karatasi ile ingebaki ya chooni.

Usidhani Kenya imepona. Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alichukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, na kabla ya asubuhi alikuwa amekufa Kituo Kikuu cha Polisi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti walisema vingine. Kabla ya mwezi kwisha, washtakiwa kadhaa, mkuu wa kituo akiwa miongoni mwao, walikuwa mbele ya hakimu. Mtu alikufa vile vile, na hakuna katiba nzuri itakayomfariji mama yake. Lakini aliandikwa, na waliompokea walijulikana kwa majina.

Tanzania tunayo kesi ya wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge. Januari 2006 watatu kati yao, pamoja na dereva teksi, waliuawa msitu wa Pande, nje kidogo ya Dar es Salaam, na polisi wakatangaza kuwa wamewaua majambazi. Ndugu zao walikataa kumeza maneno hayo. Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, tume ikasema hawakuwa majambazi, na Abdallah Zombe, aliyekuwa bosi wa upelelezi wa mkoa, akapandishwa kizimbani pamoja na askari wenzake. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja tu, Christopher Bageni, na kumhukumu kifo. Zombe akabaki huru. Watu wanne waliuawa, ikachukua miaka kumi, akapatikana na hatia mtu mmoja. Hapo karatasi ilitoka kituoni kwa sababu Rais aliitaka itoke. Njia hiyo ni fupi na ina kasoro yake: Rais asipotaka, haitoki.

Sasa turudi Juba.

Polisi wa Sudan Kusini hawakuzaliwa kama polisi. Baada ya mkataba wa amani wa 2005 na Khartoum, jeshi la msituni lilikuwa na watu wengi kuliko mishahara, na njia rahisi ya kulipunguza ilikuwa kuwavika baadhi yao sare ya polisi. Mtu aliyepigana miaka ishirini, ambaye hakupata bahati ya kukaa darasani, alikabidhiwa kaunta na kitabu. Wapya nao walifinyangwa vibaya. Mwanzoni mwa 2011, miezi michache kabla ya uhuru, ilifichuka kwamba katika chuo cha polisi cha Rajaf, jirani na Juba, makuruta walikuwa wakipigwa, wakidhalilishwa kingono, na angalau wawili walikufa. Chuo hicho kilipata msaada wa wafadhili na kilikuwa na maelfu ya wanafunzi. Ukimfundisha mtu upolisi kwa mjeledi, usitegemee atakapofika mtaani aanze kwa salamu.

Kisha pakaongezwa mlango wa nyuma. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 2014 iliwapa maafisa wa idara hiyo uwezo wa kukamata na kuzuia mtu, wakiwa na mahabusu zao wenyewe. Jengo lao la Juba watu huliita Blue House na hulitaja kwa sauti ya chini. Mkataba wa amani wa 2018 ulitaka sheria hiyo irekebishwe. Julai 2024 Bunge liliirekebisha na kuacha humo humo uwezo wa kukamata bila hati. Kwa hiyo hata ukiwafundisha polisi kuandika kitabu vizuri kama makarani wa benki, yupo mwingine mwenye ruhusa ya kumpitisha mtu pembeni ya kaunta.

Je, haki haijawahi kutendeka Juba dhidi ya wenye sare? Imewahi. Tarehe 11 Julai 2016, vita vilipoingia tena jijini, wanajeshi walivamia hoteli ya Terrain. Walimuua mwandishi wa habari John Gatluak, Mnuer, mbele ya wenzake, na wakabaka wanawake, wakiwemo wafanyakazi wa misaada wa kigeni. Tarehe 6 Septemba 2018 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanajeshi kumi. Iliamriwa familia ya Gatluak ilipwe ng'ombe 51. Kila mwanamke aliyebakwa alipangiwa dola 4,000. Mwenye hoteli alipangiwa zaidi ya dola milioni mbili kwa mali yake.

Nimezisoma namba hizo mara nyingi na kila mara zinanikwama kooni. Fidia ya ng'ombe siibezi, ni sheria ya wenyewe na imezuia visasi vizazi na vizazi. Kinachonisumbua ni kwamba mizani ile iliweka magodoro, magari na jenereta upande mmoja, na miili ya wanawake upande wa pili, na magodoro yakashuka. Hata hivyo kesi ilikuwepo. Mashahidi walisikilizwa, wengine kwa video kutoka nje ya nchi. Kwa nini Terrain na si Gudele? Kwa sababu miongoni mwa walioumizwa Terrain walikuwa raia wa mataifa ambayo balozi zao zinapiga simu zikapokelewa. Wafu wa Gudele hawakuwa na balozi. Serikali iliyopaswa kupiga simu kwa niaba yao ndiyo iliyopaswa kuipokea.

Umoja wa Afrika, na hili tuusifu, haukukaa kimya. Mwishoni mwa 2013 uliamua kuunda tume chini ya Olusegun Obasanjo, tume ya kwanza ya aina yake barani. Ilitembea, ikasikiliza, ikaeleza mauaji ya Juba na pia maovu ya waasi waliolipiza kisasi Bor, Bentiu na Malakal. Ripoti ilikuwa tayari mwaka 2014, ikafungiwa kabatini mpaka Oktoba 2015 kwa hoja kwamba ingeharibu mazungumzo. Serikali ya Juba iliunda kamati yake pia; matokeo yake hayajawekwa wazi.

Mjumbe mmoja wa tume ya Obasanjo, Profesa Mahmood Mamdani, wakati huo wa Makerere, aliandika maoni yake tofauti. Kwa ufupi, alishikilia kwamba maovu yale yalikuwa ya kisiasa, yameandaliwa na mfumo, na kwamba kukimbilia kesi za jinai kabla ya kurekebisha siasa ni kushughulikia moshi. Ni hoja nzito na sitaki kuipita kijuujuu. Ni kweli kwamba kumfunga askari aliyepenyeza bunduki dirishani hakutabadili namna jeshi linavyogawana vyeo. Ila nadhani Profesa alisahau kaunta. Kesi hufanya kazi nyingine mbali na kufunga mtu: hulazimisha majina yaandikwe. Siasa ya Sudan Kusini imeshafanyiwa ukarabati mara mbili, kwa mikataba ya amani ya 2015 na 2018, makamu wa rais wakafika watano, na majina ya Gudele hayajaandikwa na ofisi yoyote ya serikali.

Mikataba yote miwili iliahidi mahakama mseto, yenye majaji wa Sudan Kusini na wa nchi nyingine za Afrika, chini ya Umoja wa Afrika. Aprili 2019 serikali ilitia saini mkataba wa dola milioni 3.7 na kampuni ya ushawishi ya Gainful Solutions ya Marekani, na moja ya kazi zilizoandikwa humo ilikuwa kuchelewesha na hatimaye kuzuia mahakama hiyo. Wasomaji wa Nairobi watamkumbuka mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo: Michael Ranneberger, balozi wa Marekani nchini Kenya baada ya uchaguzi wa 2007, aliyewahubiria Wakenya kuhusu kutokuadhibiwa kwa wakubwa. Kelele zilipozidi, mkataba ulivunjwa na kuandikwa mwingine usio na kifungu kile. Januari 2021 baraza la mawaziri likaidhinisha mahakama iundwe. Novemba 2024 Rais Kiir alisaini sheria za tume ya ukweli na mamlaka ya fidia. Mahakama bado haipo.

Lakini majina, watu hawakuyangojea. Mapema 2014, damu ikiwa bado mbichi, wanaharakati wa Juba walianza kukusanya majina ya waliouawa, Wanuer kwa Wadinka na makabila mengine, na kuyasoma hadharani. Kazi hiyo ikawa mradi ulioitwa Remembering the Ones We Lost, unaopokea majina ya waliokufa na waliopotea katika vita vya nchi hiyo tangu 1955. Mtu anatoa jina, umri kama anaujua, mahali, na namna alivyoondoka. Ni safu zile zile za kitabu cha kaunta. Raia wameishika kalamu kwa niaba ya afande asiyekuwa na wino.

Naomba niseme nawe msomaji, uliye Mbagala, Kisauni, Bukavu au Munuki. Ndugu yako akichukuliwa, nenda mapema, usiende peke yako, na usiondoke kaunta mpaka umeona jina lake limeandikwa na umepewa namba. Uliza jina la aliyeandika. Watakuona msumbufu, kubali kuwa msumbufu.

Na Juba yenyewe, ikitaka, inajua kufungua jalada. Machi 2025 wapiganaji waliteka kambi ya jeshi Nasir, jimbo la Upper Nile, na wanajeshi wengi wakauawa. Tarehe 22 Septemba 2025, kama miezi sita tu baadaye, mahakama maalumu ilikaa Freedom Hall mjini Juba kumshtaki Makamu wa Kwanza wa Rais aliyesimamishwa, Riek Machar, na wenzake saba, kuhusiana na shambulio hilo, kwa uhaini, mauaji na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Walikaa ndani ya kizimba cha vyuma, televisheni ya taifa ikionyesha. Kama ana hatia au hana, ni kazi ya majaji. Ukumbi ulipatikana, majaji wakapatikana, waendesha mashtaka wakapatikana, na jalada likafunguliwa. Kesi ya Gudele bado haijapewa namba.